Hedifoni za mbao zilizofungwa nyuma: ninunue ipi, na nizitunzeje huku ziwani?

SautiYaPili, Kirumba

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Kanda ya Ziwa.

Mimi ni mwalimu wa shule, na jioni narekodi kwaya. Zinakuja za hapa Mwanza mjini, zinakuja na za visiwani. Kumiksi nafanyia nyumbani, kwenye chumba ambacho mchana ni sebule. Tunakaa Kirumba, mlimani juu ya Mwaloni, na kelele za huku mnazijua: bodaboda zinapanda kwa gia ya kwanza, jirani ana redio yake, na mvua ikishuka juu ya bati hata mtu aliye mbele yako humsikii. Usiku mtoto amelala upande wa pili wa pazia, kwa hiyo spika siwashi. Hedifoni zilizo wazi nyuma nazo hazinifai. Zinavujisha sauti, na nikimrekodi mwimbaji wa solo, maikrofoni inanasa kinanda kinachotoka masikioni mwake.

Ninazotumia sasa ni za plastiki, za studio, bei ya kawaida. Zimenifanyia kazi nyingi na nazishukuru. Ila ngozi ya mito imeanza kuchunika, nikivua nakuta vipande vyeusi shavuni na kwenye nywele. Na kuna jambo linaloniumiza zaidi ya hilo: sauti ya pili na ya tatu zikiimba karibu karibu, hizi zinanipa wingu tu. Nasikia watu wengi wanaimba, simsikii aliyeteleza. Kwaya ikishalipia rekodi, mimi ndiye ninayetakiwa kumsikia.

Nimeweka akiba. Nafika milioni moja na nusu, nikijibana milioni mbili. Nimesoma sana juu ya Meze 99 Classics, Denon AH-D5200 na AH-D7200, na Fostex TH610. Zote zina vikombe vya mbao halisi. Naomba kujua: mbao inabadilisha sauti kweli, au ni urembo tu tunaolipia? Kwa unyevu wa ziwani hazitapasuka? Na mimi nasuka rasta karibu muda wote, zitanikaa?

Nawasilisha.

Dogo_Nyegezi

Dada, kwa hela hiyo chukua zile za bluetooth zinazozima kelele za nje. Utalala unasikia ukimya mtupu, na chenji ya kununua maikrofoni nyingine inabaki.

SautiYaPili, Kirumba

Asante mdogo wangu. Kwa kusikiliza tu ndani ya daladala ningekubaliana nawe. Ila bluetooth inachelewesha sauti kidogo, na mwimbaji akijisikia kwa kuchelewa anapoteza mdundo hapohapo. Halafu ile betri ya ndani ikichoka, kubadilisha ni shughuli. Nataka kitu cha waya, ambacho nitakaa nacho hadi mtoto huyu aanze kuimba kwaya mwenyewe.

BesiYaMusoma

Mwalimu, mimi nina AH-D7200 na nimewahi kukaa na 99 Classics kwa muda mrefu, kwa hiyo hizo mbili naziongelea kwa masikio yangu.

99 Classics inatoka Romania, ilianza kuuzwa 2015. Vikombe ni vya walnut, uzito gramu 260, unaivaa unasahau kama umeivaa. Ina omu 32, yaani ukinzani wake wa umeme ni mdogo, na inapata nguvu ya kutosha hata kwenye simu. Kwa kusikiliza rumba jioni ni raha tupu. Kwa kazi yako mimi nasita. Besi yake imejaa, na huo ujazo unapanda hadi eneo la chini la sauti za wanaume. Utadhani sauti ya nne wanaimba kwa nguvu kuliko wanavyoimba, utawashusha kwenye miksi, halafu kwaya ikipigwa kwenye spika za kanisani besi imekwenda na maji.

D7200 ni walnut ya Marekani, gramu 385, omu 25. Hiyo inatenganisha watu. Wakiimba alto sita nawahesabu. Uzito unausikia baada ya saa mbili, na masikio yanapata joto, hilo sikufichi. Kwa mwezi kama Oktoba, kabla mvua haijaanza, navua, napumzika, narudia. D5200 ni mbao ya zebrano, ile yenye mistari, na kwa wanavyosema wenye nayo iko katikati ya hizo mbili: ina joto kidogo lakini haikuangushi. Ipo pia D9200 ya mianzi ya Japani, ya 2018, ila hiyo ilitoka kwa dola 1,599, kwa bajeti yako tuiache.

Angalia na unakochomeka. Hedifoni za omu 25 zinataka tundu lenye ukinzani mdogo. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni, maana yake hapa uwe chini ya omu 3 na kidogo. Kadi nyingi za sauti za bei nafuu, kile kifaa cha kompyuta unachochomekea hedifoni, zinapita hapo kwa mbali, na matokeo yake besi inalegea. Soma karatasi ya kadi yako kabla hujailaumu hedifoni. Kinyume chake kuna ZMF wa Chicago, wanatengeneza za mbao nzuri mno, lakini nyingi ni za omu 300 na zinataka amplifaya yake. Kwa meza ya sebuleni ni mzigo.

Na kwa kuwa utakesha nazo: Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Uzuri wa zilizofungwa ni kwamba hulazimiki kupandisha ili kushindana na bodaboda.

Seremala_Igoma

Mwalimu, habari za kazi. BesiYaMusoma, nakusalimu ndugu yangu, umesema vizuri.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Igoma. Natengeneza milango na makabati kama wengine, ila pia nakereza, na kwa miaka ya karibuni watu wananiletea hedifoni za mbao zilizopasuka au kuanguka. Ni kazi ninayoipenda kuliko zote zinazoingia pale. Kwa hiyo nitaongea kirefu, mnivumilie.

Nianze na swali lako la kwanza. Kispika cha ndani kinasukuma hewa pande mbili. Upande mmoja inakwenda sikioni, upande wa pili inaingia kikombeni, inagonga ukuta na kurudi. Hiyo inayorudi ndiyo vita yote ya hedifoni iliyofungwa. Ikirudi na nguvu inachanganyika na ya mbele, na hapo unapata lile wingu lako la sauti ya pili na ya tatu. Mtengenezaji anapambana nayo kwa ujazo wa kikombe, kwa umbo lake la ndani, na kwa sufu au sponji anayobandika humo kunyonya sauti. Mbao inamsaidia kwa sababu ni ngumu bila kuwa nzito kama chuma, na ukiigonga inanyamaza upesi, hailii kama plastiki nyembamba. Tena kwenye kerezo unaipa mviringo unaotaka, kuta zisitazamane sambamba.

Kwa hiyo mbao si urembo mtupu. Lakini aina ya mti inakuja nyuma ya hayo yote. Fostex waliwahi kutengeneza hedifoni moja, TH-X00, ikauzwa ya mahogani, ya ebony na ya ile mbao ya zambarau wanayoiita purpleheart. Watu wanasikia tofauti, sibishi. Ila chukua hedifoni ileile, ondoa mito iliyochoka weka mipya, utasikia mabadiliko makubwa kuliko ya kubadilisha mti. Ukinunua, nunua umbo na mito. Rangi ya mbao ifuate.

Hapo naingia kwenye rasta zako. Besi ya hedifoni iliyofungwa inategemea mto uzibe kuzunguka sikio lote. Pakibaki mwanya, besi inakimbia na sauti za juu zinabaki zinapiga kelele peke yake. Rasta nene ikipita chini ya mto ni mwanya. Miwani ya macho ni mwanya. Hijabu na kilemba pia. Jipime hivi: weka wimbo wenye besi unaoujua, kisha bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka sana, ujue ulikuwa unavujisha. Kwa upande wako suka za kurudi nyuma kabisa, mto ukae juu ya ngozi chini ya mstari wa nywele. Na kila mara kagua kile kitambaa cha ndani ya mto. Unywele mmoja ukipenya ukakaa juu ya kispika, unakwaruza kwenye noti za chini na utadhani kispika kimekufa. Nimeletewa za namna hiyo, nikafungua, nikautoa kwa kibanio, kazi ikaisha.

Sasa hali ya hewa. Huku kwetu tuna bahati moja: hakuna chumvi. Ziwa ni maji baridi, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na joto letu si la Dar. Kutu ya skrubu na pini inayowatesa watu wa pwani sisi hatuioni kwa kiasi hicho. Unyevu tunao, masika kuanzia Machi na vuli kuanzia Novemba, halafu Juni hadi Agosti hewa inakauka na upepo unavuma. Mbao inafuata. Inavuta unyevu na kuuachia mwaka mzima. Kwa urefu wa nyuzi haisogei kiasi cha kuonekana. Kwa upana inavimba na kusinyaa, na ukifuata mzunguko wa pete za mti inasogea karibu mara mbili ya vile inavyosogea kutoka kiini kwenda ganda. Vanishi inachelewesha tu, haizuii.

Mbao iliyokaushwa vizuri inayavumilia hayo. Kinachoipasua ni haraka. Ninacho kikombe hapa mezani sasa hivi, cha walnut, mwenyewe alikuwa anakiacha juu ya dashibodi ya gari stendi ya Buzuruga mchana kutwa, usiku anakiingiza chumba chenye kiyoyozi. Ufa umeanzia kwenye tundu la skrubu, si pembeni. Umefuata nyuzi, umepanda urefu wa kidole gumba, na ni mwembamba kiasi kwamba ncha ya wembe inaingia na karatasi haiingii. Kandokando yake vanishi imekuwa nyeupe. Pale kwenye skrubu mbao ilikuwa imebanwa, ilitaka kusinyaa ikakosa pa kwenda. Ndiyo maana nawaambia watu wote: hizo skrubu za ndani usizikaze kwa hasira. Zikishashika, acha.

Kwa hiyo usiziache garini, usiziweke dirishani linalopigwa na jua la jioni la ziwani, wala juu ya kabati lililogusa bati. Ukutani upande wa ndani, kwenye kibao cha mviringo kinachobeba ule mshipi wa kichwani bila kuukunja, zimefunikwa kitambaa cha pamba. Kitambaa hicho kitakusaidia pia usiku wale vijidudu vya ziwani wanapofuata taa, kila tundu la hewa wanaingia. Nunua kipima unyevu kidogo, vipo vya bei ya chini kabisa. Kikisoma kati ya asilimia 40 na 60 lala usingizi. Kikikaa juu ya 70 kwa wiki, mbao bado haina shida lakini mito itaota ukungu, basi hapo tumia silika, zile pakiti za kunyonya unyevu. Ila sikia hili kwa makini: usifungie hedifoni ya mbao ndani ya boksi la plastiki na lundo la silika. Utaikausha kupita kiasi, na utaniletea mimi ufa. Pakiti ndogo moja ndani ya begi lake la kawaida inatosha. Mchele usiweke, una vumbi.

Usafi. Kitambaa kikavu laini kila unapovua, anza na mito, malizia na mbao. Jasho lina chumvi na mafuta, likikaa linakula ngozi ya mto kwanza, halafu linaacha alama kwenye mbao pale unaposhika. Spirit na sanitaiza visiguse vanishi kabisa. Na kuna adui ambaye hakuna kijitabu cha hedifoni kinachomtaja kwa sababu hakiandikwi huku: dawa ya kupaka ya mbu. Zile zenye DEET zinalainisha vanishi na baadhi ya plastiki. Unajipaka saa moja jioni, unakaa kumiksi, vidole vinashika kikombe, asubuhi unakuta alama ya kidole haifutiki, imezama. Nawa mikono kwa sabuni, kausha, ndipo ushike.

Mafuta. Denon, Meze na Fostex ulizozitaja zimepakwa vanishi au rangi ya kufunika juu. Hazinywi mafuta. Ukipaka yatakaa juu, yavute vumbi, yateremke kwenye mto na gundi. Mafuta ya nazi na ya mtoto hayakauki hata ukipaka kwenye mbao mbichi. Kama siku moja utapata yenye mbao iliyomaliziwa kwa mafuta tu, nta ya nyuki kidogo kwa kidole, sugua, futa yote, mara chache sana. Wanaotumia mafuta ya kitani watandaze vile vitambaa vikauke, visikunjwe na kutupwa kwenye kona, vinajiwasha moto vyenyewe.

Mito. Ile ngozi ya kutengeneza inayochunika ni plastiki ya polyurethane, na inaliwa na unyevu na joto hata ukiwa huivai. Kwa hiyo nunua jozi ya pili siku unayonunua hedifoni, lakini usinunue jozi nne ukidhani umeweka akiba, zitazeekea kabatini. Chukua za kiwanda kilekile. Mto mnene zaidi unalisogeza sikio mbali na kispika na sauti inakuwa nyingine kabisa.

SautiYaPili, Kirumba

Fundi, sina la kusema zaidi ya asante. Hilo la dawa ya mbu limenisimamisha, maana napaka kila jioni kabla ya kukaa mezani. Nimebonyeza hizi za sasa kama ulivyosema na besi imeongezeka sana. Kumbe muda wote huu namiksi huku besi inavuja.

Nina mawili. La kwanza kwa wote: nanunuaje bila kuibiwa? La pili kwako fundi. Sisi tuna mpingo, ambao wazungu wanautengenezea zumari za klarineti na obo. Siwezi kununua hedifoni halafu ukanikerezea vikombe vya mpingo wetu? Moyo wangu unataka hivyo.

Wakala_Makoroboi

Dada, mimi naagizia watu vifaa vya muziki. Dukani hapa Mwanza hutazikuta hizo, usizunguke. Njia ni kuagiza nje au kununua zilizotumika Dar na Nairobi.

Ukiagiza mpya, usitazame bei ya mtandaoni ukadhani ndiyo. Forodha wanachukua bei ya kifaa, nauli na bima kwa pamoja, wanapiga ushuru, kisha VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya jumla hiyo. Piga hesabu hiyo kabla hujabonyeza. Meze, ambayo ilitoka kwa dola 309, inaingia kwenye akiba yako bila shida. D7200 mpya ilitoka kwa dola 799, ukishaongeza safari na forodha utakuwa umeipita ile milioni mbili ya kujibana. Ndiyo maana kwa D7200 na TH610 ningekushauri zilizotumika.

Za bei ya kutupa zenye mbao inayong'aa, ziogope. Nyingi ni plastiki iliyochapwa picha ya mbao. Fundi atakueleza namna ya kuzitambua kuliko mimi.

Ukinunua iliyotumika omba video, muuzaji achomoe waya pande zote mbili na kuchomeka tena mbele ya kamera, na avue mto mmoja uone ndani. Uliza namba yake ya kiwandani inasomeka wapi. Anayeuza kitu chake halali hakasiriki kwa maswali hayo.

BesiYaMusoma

Naongezea kwenye za mkono wa pili. Siku ukizishika, rekodi sauti yako kwa maikrofoni moja, icheze pande zote mbili sawasawa. Inatakiwa isimame katikati ya kichwa. Ikiegemea, zivae kinyume, kulia kuwe kushoto. Sauti ikihamia upande wa pili, tatizo liko kwenye hedifoni, waya au unakochomeka. Ikibaki sikio lilelile, tatizo ni sikio lako au rasta. Halafu pandisha noti taratibu kutoka chini kabisa, usikilize mkwaruzo.

Seremala_Igoma

Kwanza hilo la kutambua mbao ya kweli. Tazama pale kikombe kinapopinda. Mbao halisi, mistari ya juu inaingia pembeni na kugeuka vitone, kwa sababu unaona ncha za nyuzi. Picha iliyobandikwa inakatika au inajirudia. Kisha weka kulia na kushoto pamoja: vikombe viwili vya mti halisi vinaweza kufanana sana kama vimetoka ubao mmoja, lakini havitalingana mstari kwa mstari. Vikilingana hivyo, ni mashine ya kuchapa.

Sasa mpingo. Mwalimu, nakuelewa kabisa, na mimi huo mti naupenda. Ndio mti wa taifa letu. Lakini chukua kipande kikavu cha mpingo ukitupe ndoo ya maji: kinazama. Ni mzito kupita walnut karibu mara mbili. Kikombe cha D7200 ukikibadilisha kwa mpingo wa unene uleule, gramu 385 zinapanda na shingo yako ndiyo italipa, tena wakati unakesha na kwaya ya watu arobaini. Ukipunguza unene ili kupunguza uzito, umebadilisha ujazo wa ndani, na ujazo ndio nilioanza nao kule juu. Zaidi ya hapo mpingo unachelewa mno kukauka. Wengi wanaouza vipande vyake hawajasubiri, na mbichi ukiukereza leo unapasuka wenyewe kabatini. Vumbi lake pia ni kali kwa mapafu na ngozi, ninapoukereza navaa barakoa na mlango uko wazi.

Ukitaka mti wa nyumbani, mimi ningesema mninga. Ni mwepesi kuliko mpingo kwa mbali, na katika mbao zote nilizozipitisha kwenye kerezo huo ndio unaosogea kidogo kuliko zote, mvua ije jua lije. Mlango wa mninga uliokauka vizuri hauning'ang'anii wakati wa masika. Hata msaji si mbaya, Audio-Technica wameutumia kwenye ATH-W1000Z yao. Lakini usianzie kwenye hedifoni yako ya milioni. Wale wahandisi walipima kile kikombe na kispika pamoja, ukikitoa umeitoa hedifoni waliyoitengeneza na umeweka nyingine isiyopimwa. Kwa mtu anayesikiliza kwa starehe sina neno, namkerezea leo. Wewe kazi za watu zinapita masikioni mwako. Bakia na vikombe vyake.

Kwa mninga nitakukerezea kile kibao cha kutundikia ukutani. Upana wa mshipi wa D7200 na D5200 ninao kwenye daftari.

SautiYaPili, Kirumba

Nimekubali, fundi. Mpingo naacha uende kwa zumari.

Nimesoma karatasi ya kadi yangu ya sauti jana usiku, tundu lake la hedifoni limeandikwa omu 10. Kwa hesabu ya BesiYaMusoma halifai kwa omu 25. Kwa hiyo nimeamua natafuta D7200 iliyotumika, na kiasi kinachobaki naweka kwenye amplifaya ndogo yenye tundu la chini ya omu 1, pamoja na jozi ya mito mipya ya kiwanda. Mdogo wangu yuko Nairobi, anakwenda kuiangalia moja Jumamosi. Nimempa yote: video ya waya, sauti katikati ya kichwa, kuzivaa kinyume, mkwaruzo wa noti za chini, vitone vya pembeni ya kikombe. Nimemwambia pia asije nayo kwenye buti la basi, aibebe mapajani.

BesiYaMusoma, mito ya D7200 inavuliwa kwa kuvuta au kuna pa kuzungusha?

BesiYaMusoma

Mwambie asivute chochote. Amwombe muuzaji mwenyewe avue, mbele yake, taratibu na kwa vidole, bila bisibisi. Asiyejua kuvua mito ya hedifoni yake, basi hajawahi kuisafisha ndani, na hiyo nayo ni habari ya kuzingatia kwenye bei.

Seremala_Igoma

Ikifika, iache siku nzima ndani ya begi lake bila kuifungua sebuleni, izoee hewa ya huku taratibu. Halafu ije Igoma niangalie skrubu na kingo za vikombe kwa lenzi kabla hujaanza kazi nayo. Nafunga saa kumi na mbili jioni, Jumapili sifungui. Kibao cha mninga utakikuta tayari.